Baada ya Kiharusi, Mgonjwa Aulizwe Mwenyewe Anavyoishi

EMALI – Mtu aliyepata kiharusi akianza kutembea, jamaa husema amepona. Lakini mchuuzi wa nyanya sokoni Emali anaweza kufika kibandani bila mkongojo, kisha ashindwe kuhesabu noti kwa mkono uliolegea, ulimi uwe mzito anapopatana bei, na arudi nyumbani amekata tamaa. Mashine ya kupima presha haionyeshi hayo.

Ndiyo maana wataalamu hupima pia ubora wa maisha unaohusiana na afya, yaani jinsi ugonjwa unavyogusa mwili, moyo na shughuli za mtu kila siku.

Mambo matano

Kipimo kinachotumika sana duniani ni EQ-5D, kilichoundwa na EuroQol, kundi la watafiti lililoanza Ulaya mwaka wa 1987. Kinauliza hali ya mtu siku hiyo katika mambo haya:

1. Kutembea
2. Kujihudumia, kama kuoga na kuvaa
3. Shughuli za kawaida: kazi, masomo, mambo ya nyumbani
4. Maumivu
5. Wasiwasi au huzuni

Katika toleo la ngazi tano, 1 ni hakuna tatizo na 5 ni tatizo kubwa kabisa. Mchuuzi wetu anaweza kupata 1 katika kutembea, lakini 4 katika kazi na 4 katika huzuni. Kisha huulizwa aipe afya yake alama kati ya 0 na 100.

EQ-5D haiulizi kuhusu usemi wala kumbukumbu. Kwa hiyo kuna vipimo vya kiharusi pekee, kama Stroke Impact Scale. Toleo lake la 3.0 lina maswali 59, yakiwemo ya nguvu za mkono, kumbukumbu, mawasiliano na kushiriki katika jamii.

Nani ajibu?

Kliniki, mara nyingi anayejibu ni mke, mume au mtoto. Utafiti umeonyesha kuwa jamaa huelekea kuiona hali kuwa mbaya kuliko mgonjwa anavyoiona mwenyewe, na hutofautiana naye zaidi katika yasiyoonekana, kama huzuni. Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata msongo wa mawazo.

Aliyepoteza usemi hajapoteza akili. Anaweza kuonyesha jibu kwa kidole au kutikisa kichwa. Aulizwe kwa Kikamba au Kiswahili anachokielewa, na mkalimani asiongeze maoni yake. Asipoweza kabisa, jamaa ajibu, na iandikwe kwamba ni jamaa aliyejibu.

Maswali hayohayo yakirudiwa kila baada ya muda, majibu huonyesha msaada unaohitajika: mazoezi ya viungo, tiba ya usemi au ushauri nasaha.

La kufanya

Kabla ya siku ya kliniki, mpe mgonjwa nafasi aeleze mambo hayo matano, myaandike, mwende nayo. Mhamasishaji wa afya ya jamii akitembelea boma, aelezwe pia.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, usingoje kliniki. Mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja.