Ruta Katika Meza ya Msumeno



Ukipita karakana za maseremala mjini Moshi utaona milango ya paneli na makabati yenye kingo za urembo. Zamani kingo hizo zilichongwa kwa randa ya mkono. Siku hizi mafundi wengi hutumia ruta. Ruta ni mashine ndogo ya umeme. Nyingi huzungusha kisu chake zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Kisu hicho huitwa biti.

Ruta ya mkononi hupitishwa juu ya ubao. Lakini ubao mwembamba hauna mahali pa kuikalisha. Dawa yake ni kuifunga ruta chini ya meza, kichwa chini miguu juu. Biti hutokeza juu, nawe husukuma ubao. Kama karakana yako ni ndogo, huhitaji meza ya pili. Tumia bawa la meza ya msumeno, yaani kile kipande cha pembeni kinachoongeza upana wa meza.

Namna ya kuifunga

1. Zima msumeno, chomoa waya wake, ushushe meno yake chini ya uso wa meza.

2. Usitoboe bawa la chuma. Lifungue, na mahali pake uweke bawa la mbao. Gundisha plaiwudi mbili za milimita 18. Lifunge kwa bolti, ulitie miguu, maana ruta ni nzito. Pima kwa rula ndefu ya chuma: meza na bawa viwe sawa kabisa.

3. Tafuta bamba la alumini la unene wa milimita 6. Fungua kitako cha plastiki cha ruta, kiweke juu ya bamba, utie alama za skrubu. Toboa matundu hayo na tundu la biti katikati. Vichwa vya skrubu vizame.

4. Kata tundu katika bawa, dogo kuliko bamba. Kuzunguka tundu chonga ngazi ya kina cha milimita 6, bamba likae humo. Bamba likiwa juu, ubao utakwama.

5. Funga ruta kwenye bamba, kisha funga bamba kwenye bawa. Swichi ya ruta iwe mahali unapoifikia bila kuinama.

6. Kwenye kiongozi cha msumeno funga ubao uliokatwa nafasi ya biti.

Mambo ya kushika sana

Kwanza, sasa meza moja ina mashine mbili. Ukitumia moja, ya pili iwe imechomolewa. Ukibadili biti, usizime swichi tu, chomoa waya.

Pili, ruta ikigeuzwa, biti ukiitazama kutoka juu huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Simama kiongozi kikiwa nyuma ya biti, mbele yako. Sukuma ubao kutoka kulia kwenda kushoto, ubao ukutane na meno. Ukisukuma toka kushoto, biti itaunyakua ubao, na mkono wako utaufuata. Kamwe usipitishe ubao kati ya biti na kiongozi.

Tatu, usichonge kina chote kwa mara moja. Hata kwa mbao laini kama saiprasi, chonga milimita 3 hivi, kisha rudia. Biti kubwa izunguke polepole. Karibu na biti tumia kijiti cha kusukumia, si vidole. Vaa miwani, ziba pua kwa kitambaa, kunja mikono ya shati.

Ndugu msomaji, biti ikivunjika utanunua nyingine. Kidole hakiuzwi dukani, na seremala analima kwa vidole vyake. Kama bado una wasiwasi, muone fundi mzoefu au uliza chuo cha VETA hapo Moshi kabla ya kuwasha.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini bamba na bawa viwe sawa?
2. Ubao usukumwe kutoka upande gani? Kwa nini?
3. Katika karakana ya kijijini kwenu, ni hatari gani ya kuondoa leo?