Faili Likitoweka Katikati ya Kazi

Chukua programu ndogo ya Python, ya aina ambayo wengi wetu tunaiandika kwa ajili ya mradi. Folda ina mafaili 200 ya fomu za utafiti. Programu inayaorodhesha, kisha inayapitia moja moja: inafungua, inasoma, inaongeza kwenye jumla. Sasa kati ya kuorodhesha na kufungua, faili la tano likafutwa, labda na mwenzako mnayetumia naye folda hiyo. Programu itafanya nini?

Jibu ninalolisikia sana maabara ni hili: "Si unaangalia kwanza kama lipo?" Yaani unaweka os.path.exists, ndiyo ufungue. Hapana jamani. Kuangalia ni tendo moja, kufungua ni jingine, na katikati kuna mwanya. Ni mdogo, lakini kompyuta inaendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja na mwanya huo unazitosha. Ulichothibitisha ni kwamba faili lilikuwepo, sio kwamba lipo. Bora ufungue moja kwa moja, na FileNotFoundError ikija uipokee.

Kulijaribu hilo ndiko kwenye kazi. Wapo wanaoendesha programu kwenye dirisha moja huku kwenye la pili wanafuta mafaili haraka haraka, wakiomba bahati. Jaribio la hivyo leo linapita, kesho linagoma, na hujui kwa nini. Mimi naweka ufutaji mahali ninapopajua: naipa programu open ya bandia, ambayo ikifika kwenye faili la tano inalifuta kwanza, ndipo inaita open halisi. Kwa unittest.mock ni mistari michache tu, na matokeo ni yaleyale kila ukirudia.

Ila kwenye Linux kuna mtego. Ukifuta faili ambalo tayari limefunguliwa, kinachoondoka ni jina. Data inabaki diskini mpaka programu ya mwisho iliyolishika ilifunge. Kwa hiyo jaribio linalofuta baada ya kufungua litapita vizuri tu, na litakuwa halijajaribu chochote. Kwenye Windows, faili lililofunguliwa na Python kwa kawaida hukataa hata kufutwa.

Haya, programu haijaanguka. Je, imefaulu? Hapa ndipo ninapobishana na wenzangu. Ukiandika except halafu pass, fomu moja inarukwa, jumla inatoka na watu 199, na skrini inasema "Imekamilika". Kwangu mimi hiyo ni mbaya kuliko kuanguka, maana ikianguka walau unajua. Tazama rsync, programu ya kunakili mafaili: likitoweka faili inaonya, inaendelea na mengine, na mwishoni inarudisha namba 24 badala ya 0. Kwa hiyo jaribio langu haliishii kuona kwamba mafaili 199 yamesomwa. Linadai jina la faili lililokosekana litajwe, na namba ya mwisho isiwe 0.

Halafu kuna kutoweka kwa folda nzima, ambako sio sawa na mafaili 200 kutoweka kila moja kivyake. Chukulia data iko kwenye diski ya nje, kompyuta ikazimwa na kuwashwa, diski haikupachikwa. Folda ya kupachikia bado ipo, tena inafunguka bila kosa lolote, ila ni tupu. Programu inaorodhesha mafaili sifuri, inajumlisha sifuri, inaripoti mafanikio. Kama ni ya kulinganisha folda mbili na imeruhusiwa kufuta kisichopo upande wa kwanza, itafuta nakala zote za upande wa pili, nazo ndizo pekee zilizobaki mkononi mwako. Jaribio la folda tupu linaandikwa kwa dakika mbili. Kwenye mradi wetu ndilo linaloendeshwa kwanza.