Mgonjwa wa Moyo Asinyimwe Chakula

Wakazi wengi wa Isiolo huamini kwamba mshtuko wa moyo ni ugonjwa wa watu wanene wa mjini. Mtu mwembamba akishikwa na maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, jasho baridi likimtoka, familia humpa chai ya tangawizi na kungoja kuche. Huko ni kupoteza saa muhimu mno. Presha, sigara na kisukari haviangalii unene.

Lisilozungumzwa sana ni maisha baada ya mgonjwa kutoka hospitalini. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba waliopata mshtuko wa moyo wakiwa wamedhoofika kwa kukosa lishe hufariki mapema zaidi kuliko wenye lishe nzuri. Wakati mwingine udhaifu huo ni dalili ya ugonjwa mwingine. Lakini pia mwili usiopata protini hula misuli yake wenyewe, na moyo ni msuli.

Kosa la kawaida nyumbani ni kumkataza mgonjwa nyama, mayai na maziwa, akabaki na uji mweupe na chai ya sukari. Nia ni njema, ila anachopaswa kupunguza ni mafuta na chumvi. Nyirinyiri iliyohifadhiwa kwenye mafuta iwekwe kando. Nyama hiyohiyo, isiyo na mafuta na ikichemshwa, yafaa kwa kiasi. Maharagwe na ndengu pia ni protini, na bei yake ni nafuu. Maziwa ya ngamia, ambayo akina mama wa Isiolo huyauza hadi Nairobi, yachemshwe kwanza. Chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 5, ukihesabu na iliyomo kwenye viungo vya pakiti.

Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 kwa miezi michache bila kukusudia, apelekwe kliniki. Hata hivyo mizani hudanganya: moyo uliochoka huacha maji mwilini, miguu ikavimba na uzito ukapanda huku misuli ikiisha. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, arudi hospitalini bila kukawia. Wahudumu wa afya ya jamii, walioanza kupewa mizani na mashine za presha mwaka 2023, wanaweza kumpima nyumbani.

Anayetumia dawa za moyo na anataka kufunga Ramadhani amwone daktari kabla mwezi haujaandama, ili saa za dawa na chakula zipangwe upya.