Funzo la Mto Lukuga kwa Wavukao Mito

Wengi wenu mlioko Dzaleka mmetoka Kongo, na bila shaka wapo wanaoujua Mto Lukuga, utokao Ziwa Tanganyika hapo Kalemie na kuelekea Lualaba. Mwezi Desemba 2010, Hendri Coetzee wa Afrika Kusini alikuwa akiuteremka mto huo pamoja na Wamarekani wawili, kila mmoja katika kayaki yake, yaani mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Coetzee alikuwa bingwa. Mwaka 2004 aliongoza safari ya kuuteremka Mto Nile kutoka Ziwa Viktoria hadi baharini. Maporomoko hayakumshinda. Aliuawa na mamba.

Twayasimulia haya kwa sababu kila masika, kati ya Novemba na Aprili, mito ya Dowa na Lilongwe hujaa, na wapo wanaoingia majini kwa kuwa tu jana walipita hapo hapo salama. Tujifunze basi kwa waendesha kayaki.

Kwanza, wao hushuka ukingoni wakautazama mto kabla ya kuuingia. Maji yaliyobadilika rangi na kubeba matawi ni dalili ya mafuriko.

Pili, wanajua kwamba kasi ya maji ikiongezeka mara 2, nguvu yake huongezeka mara 4. Maji ya magotini yaendayo kasi humwangusha mtu mzima.

Tatu, aliyeangushwa hajaribu kusimama katikati ya mkondo, maana mguu ukinasa kati ya mawe, maji humlaza na kumzamisha. Hulala chali, miguu ikitangulia, akapiga mikono kuelekea ukingoni.

Nne, mwokoaji hajitupi mtoni. Hubaki nchi kavu akarusha kamba, au dumu tupu lililofungwa kamba.

Hata hivyo, Coetzee aliyajua yote hayo. Ujuzi hupunguza hatari, hauiondoi. Kwa hiyo, palipo na mamba msioge wala msivuke, na mto ukijaa zungukeni hadi darajani, au ngojeni maji yapungue. Mkiona daraja limebomoka, wekeni alama njiani na mtoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu, ili ajaye usiku asitumbukie.

Soko la Lilongwe litakuwepo kesho. Wahenga walisema: kawia ufike.