Mteja Asiporidhika: Somo kwa Wauzao kwa Simu

Katika parishi yetu wako akina mama na vijana wengi wajipatiao riziki kwa kuuza vitu kwa simu. Hawana duka wala kibanda. Hupiga picha ya nguo, viatu au sufuria, huituma kwa WhatsApp au Facebook, hupokea fedha kwa M-Pesa, kisha huupeleka mzigo kwa bodaboda au kwa basi. Kazi hii ni halali, nayo imesomesha watoto. Lakini tumeona ya kuwa wengi wao hawajui la kufanya siku ile mteja anapoandika, "Nirudishie fedha zangu, la sivyo tutaonana mahakamani." Wengine hulia, wengine hutukana, na wengine humfungia mteja asiweze kuwapata tena. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, na sababu yake tutaieleza.

Natuchukue mfano. Mama mmoja wa Nairobi hununua vitenge Eastleigh na kuviuza kwa simu. Mama mwingine, aliye Nakuru, aona picha ya kitenge cha buluu, naye auliza: "Ni rangi hii hii ya kwenye picha? Nataka vipande 12, ni sare ya arusi Jumamosi ijayo." Muuzaji ajibu: "Ndiyo kabisa, mama." Kila kipande ni shilingi 1,200, jumla 14,400, nazo zalipwa siku ile ile. Mzigo wafika Alhamisi. Kitenge ni kizito, kizuri, hakichuji. Ila ni cha zambarau. Sasa mnunuzi adai shilingi 14,400, nauli ya mzigo 400, shilingi 6,000 alizokwisha kumpa fundi, na 50,000 za aibu aliyoipata mbele ya wakwe. Muuzaji asema kosa ni la jua la siku ile ya kupiga picha, tena kwenye ukurasa wake ameandika wazi kwamba kitu kikishauzwa hakirudishwi. Na fedha zile amekwisha kuzinunulia mali nyingine.

Je, nani ana haki?

Nchini Kenya iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Ni sheria ya tangu enzi za ukoloni, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, wala haikuota habari za simu. Hata hivyo yatuhusu sana, kwani yasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, sharti kilingane na maelezo hayo. Auzaye kwa picha huuza kwa maelezo, maana mnunuzi hakukishika kitu wala hakukitazama kwa macho yake. Katika mfano wetu, lililomfunga muuzaji hasa si picha. Ni yale maneno mawili, "Ndiyo kabisa." Aliulizwa juu ya rangi, naye akaithibitisha. Kwamba hakukusudia kudanganya ni jambo jema kwa dhamiri yake, lakini halibadilishi rangi ya kitenge. Hata uzuri wa kitambaa haumwokoi, kwa kuwa mwenzake hakuagiza kitambaa kizuri cha rangi yo yote.

Na lile tangazo la kwamba kitu hakirudishwi? Sisi wenyewe tulikuwa tukidhani lina nguvu, kwa jinsi linavyobandikwa kila mahali. Kumbe sivyo. Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012 yasema haki inazompa mteja zabaki pale pale hata kama yako mapatano ya kuziondoa. Tangazo lile laweza kumzuia mteja aliyebadili nia tu, mathalani aliyepata buluu akaona afadhali angechukua kijani. Halimzuii aliyeletewa kitu kisicho chake. Sheria hiyo ina pia fungu juu ya mapatano yanayofanywa kwa maandishi kwa njia ya intaneti. Lataka muuzaji amweleze mteja mambo ya biashara ile kabla ya kukubaliana, ampe nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha kosa, na kumpa nakala ya mapatano kwa maandishi. Asiyefanya hivyo humfungulia mteja njia ya kuyavunja.

Basi tuhesabu deni. Zile 14,400 hazina mabishano: zirudi. Nauli 400 nayo irudi. Tena mnunuzi hana wajibu wa kuurudisha mzigo kwa gharama yake. Yatosha amwarifu muuzaji kwamba ameukataa, na muuzaji aufanyie mpango wa kuuchukua. Lakini hapa pana jambo ambalo wanunuzi hawalijui. Kama mama wa Nakuru alikwisha kuona rangi si ile, akampa fundi akikate vivyo hivyo, amekipokea kitenge. Hawezi tena kukirudisha na kudai bei yote. Aweza kudai fidia tu ya upungufu alioupata, nayo huenda ikawa ndogo.

Zile 6,000 za fundi zataka fikira zaidi. Mwaka 1854 huko Uingereza iliamuliwa kesi ya Hadley na Baxendale. Kinu cha kusaga nafaka mjini Gloucester kilisimama kwa sababu chuma chake kilivunjika. Chuma kile kilitumwa Greenwich kiwe kielelezo cha kutengeneza kipya, na wachukuzi wakachelewa. Mwenye kinu alidai faida yote aliyokosa siku zile, naye hakuipata. Majaji walisema hasara inayolipwa ni ile itokayo katika jambo lenyewe kwa kawaida, au ile ambayo pande zote mbili zingeweza kuifikiria walipopatana. Kanuni hii hufuatwa hata katika mahakama zetu. Sasa, mama wa Nakuru alitaja arusi na siku yake, hivyo muuzaji alijua. Kama fundi amekataa kuzirudisha 6,000, zaweza kudaiwa. Lakini kama fundi ameshona kitambaa kingine kwa malipo yale yale, mnunuzi hakupoteza kitu. Na zile 50,000 za aibu? Katika uuzaji wa kawaida mahakama hazina desturi ya kulipia uchungu wa moyo. Deni la kweli, basi, ni 14,800, au 20,800 kwa hali mbaya, wala si 70,800.

Twasema haya kwa urefu kwa sababu hofu ndiyo iwapotezayo wauzaji wadogo. Mtu aonapo 70,800 hukimbia, au hukopa kwenye chama alipe yote ili aibu ipite. Angeketi akahesabu, angejua la kusema.

Mahakama yenyewe isitutishe kupita kiasi. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ya namna hiyo ikafunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yapasa imalize kesi katika siku 60, na mtu aweza kujitetea mwenyewe pasipo wakili. Haifungwi kabisa na kanuni kali za ushahidi, nayo yaweza kuwapatanisha wenye shauri wakikubali. Ila ukipewa karatasi zake ukazitia uvunguni, hukumu yaweza kutolewa wewe hupo.

Ndiyo sababu tumesema kumfungia mteja ni vibaya. Deni la bei ni jambo la madai tu, si kosa la jinai. Lakini kupokea fedha kwa udanganyifu ni jinai, chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake chaweza kufika miaka 3. Muuzaji mwaminifu atowekaye afanana sana na mwizi, naye ndiye atakayehangaika kueleza tofauti.

Barua ya madai ikifika, usifute ujumbe hata mmoja, hata ule unaokuumiza. Tunza picha uliyoituma, ujumbe wa M-Pesa na risiti ya basi. Jibu kwa maandishi, kwa upole, ukitaja unachokubali na usichokubali. Kama fedha hazipo, sema hivyo, utoe ahadi unayoiweza. Mama wa mfano wetu angeandika hivi: "Nimekubali rangi si ile. Nakutumia 8,000 leo na 6,800 tarehe 30. Vitenge nitaviagiza kwa basi lile lile, nauli juu yangu. Habari ya fundi, nionyeshe risiti tuzungumze."

Kwa vikundi vya kujadiliana: Mzigo umepotea njiani, na mnunuzi ndiye aliyelichagua basi. Hasara ni ya nani? Na kama muuzaji ndiye aliyelichagua, akaupeleka bila kuchukua risiti?