Pilipili Inasingiziwa

Mtaalamu wa lishe huyu wa Dar es Salaam huwahudumia watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na barua anazoandikiwa huitaja pilipili kabla salamu hazijaisha. Kuhusu vidonge vya vitamini, ambavyo wengi watavimeza maisha yao yote, hakuna anayeuliza. Kwa toleo hili amechagua maswali yanayomkera na yale yanayomtia hofu.

*Daktari, nimekatwa tumbo wiki mbili zilizopita. Nikionja pilipili, mshono utachanika?*

Barua kadhaa za namna hii, kutoka Tanga, Mombasa hadi Muscat, zimepata jibu moja. Kwanza, yeye si daktari. Pili, pilipili haichani mshono. Kiini chake, kapsaisini, hushika kwenye kipokezi cha neva ambacho kazi yake ni kuhisi joto linalozidi nyuzi 43 hivi. David Julius wa Marekani na wenzake walikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 akashiriki tuzo ya Nobel. Ubongo huletewa habari za moto ambao haupo.

Hata hivyo, wiki ya pili si wakati wa kuonja. Tumbo bado limevimba, na mgonjwa yuko kwenye supu iliyochujwa. Akiwashwa akatapika, ni kule kutapika ndiko kunakoukaza mshono. Asubiri hadi aruhusiwe chakula kigumu, kwa kawaida kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha aanze na chembe ndani ya mchuzi.

*Mama mkwe anasema nikirudia pilipili nitapata vidonda vya tumbo.*

Hapa uvumilivu humwishia. Mwaka 1984 Barry Marshall, daktari wa Australia, alikunywa kimiminika chenye bakteria wa *Helicobacter pylori*, akaugua uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipewa Nobel kwa kuonyesha kwamba bakteria huyo ndiye chanzo kikubwa cha vidonda. Miaka imepita, na jikoni kwetu bado anayeshtakiwa ni pilipili.

Kwa aliyeunganishiwa utumbo kwenye kijifuko kidogo cha tumbo, kidonda hupenda kuota pale pale penye kiungo. Wahusika wanajulikana: sigara, bakteria huyo, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na aibuprofeni. Ndiyo maana mtaalamu huyu humwomba mteja amwage mkoba mezani. Anayejisifu kwamba ameacha pilipili, anakula maharage yasiyo na ladha, mara nyingine hutoa humo karatasi ya diklofenaki iliyobaki vidonge viwili. Magoti, anajitetea. Aliinunua duka la dawa mtaani, bila cheti, na muuzaji hakumuuliza lolote. Huyo angekula kachumbari yake kwa amani, akaacha vile vidonge na kumuuliza daktari wake juu ya parasetamoli. Shisha nayo ni tumbaku, hata ikinukia tufaha.

*Ni kweli pilipili inayeyusha mafuta ya mwili?*

Hapana. Na zile chai za kukata tumbo, nyingi zina majani ya sena: zinaharisha tu.

*Nikila achari ya embe moyo unanidunda, jasho linanitoka, nalala chini. Pilipili imenikataa?*

Swali zuri, kwa sababu jibu limeandikwa kwenye chupa. Juu pameganda mafuta, na kwenye kibandiko sukari mara nyingi hutajwa kabla ya pilipili. Kwa aliyeunganishiwa utumbo, sukari huteremka kwa kasi kwenye utumbo mdogo na kuvuta maji. Ndipo moyo unapodunda. Atengeneze pilipili yake nyumbani, bila sukari.

Aliyekatwa tumbo likabaki kama ndizi, asilimia 75 hadi 80 ikiwa imeondolewa, ana shida nyingine. Kiungulia humwandama, na kwake pilipili inaweza kweli kuongeza mwako, sawa na ukwaju, ndimu na nyanya. Kama kinamwamsha usiku, apunguze vyote na amwone daktari.

*Pilipili mbuzi ikinizidi, ninywe maji?*

Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, na kijitumbo hicho hakina nafasi ya bilauri nzima. Maziwa au mtindi usio na sukari, funda dogo dogo.

*Leo siku ya nne natapika kila kitu. Pilipili nimeshaacha. Niache na nini tena?*

Aache kusubiri. Barua hii ilijibiwa kwa simu siku ile ile. Kutapika mfululizo humaliza vitamini B1 mwilini, na upungufu wake huharibu ubongo: macho huyumba, miguu hukosa mwelekeo, kumbukumbu hupotea. Akifika hospitali aseme mapema kwamba alifanyiwa upasuaji wa tumbo, na aina yake. B1 itangulie kabla ya dripu ya sukari, kwa kuwa sukari ikitangulia inaweza kuzidisha madhara. Na katika wiki za mwanzo, homa, mapigo ya moyo yanayopita 120 kwa dakika, au maumivu yanayopanda bega la kushoto huweza kuwa dalili ya mshono unaovuja. Aende usiku huo huo, wala asipitie kwa muuza mitishamba.