Huzuni na hasira kabla ya damu ya mwezi



Wanawake wengi huchoka au hukasirika kidogo kabla ya hedhi. Hilo ni la kawaida. Lakini wachache katika kila 100 hupatwa na jambo zito: huzuni kubwa, hasira kali, woga, kukosa usingizi, hata kutamani kufa. Huanza wiki moja au mbili kabla ya damu na kuisha siku chache baada ya damu kuanza. Mwezi unaofuata hurudi tena.

Huu ni ugonjwa. Si pepo, si uchawi, si tabia mbaya. Homoni hubadilika kila mwezi kwa wanawake wote, ila kwa hawa ubongo hauyavumilii mabadiliko hayo. Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha ya magonjwa inayotumika tangu 2022.

UTAJUAJE?
Weka alama kila jioni kwa miezi miwili. Asiyejua kuandika achore: duara ni siku njema, msalaba siku mbaya, nukta siku ya damu. Misalaba ikijaa kabla ya nukta tu, peleka karatasi hiyo kituo cha afya. Ikijaa mwezi mzima, huenda ni huzuni nyingine, labda ya vita na ya waliotutoka. Nenda pia, nayo inatibiwa.

MATIBABU
1. Dawa za kutibu huzuni, kama fluoksetini: kila siku, au siku 14 kabla ya damu, kama daktari atakavyosema.
2. Vidonge fulani vya kupanga uzazi. Vikikuzidishia huzuni, rudi useme.
3. Mazungumzo na mshauri, kutembea, kulala vya kutosha, kuacha pombe.

Usinunue dawa hizi sokoni wala usigawane na jirani. Mweleze daktari kama una mimba au unanyonyesha.

KWA BABA
Kipigo si dawa. Siku hizo chota maji, shika watoto, acha ugomvi usubiri.

HATARI
Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake. Mpelekeni kituoni saa ile ile, hata usiku. Kwa walio Muyinga, anzeni kituo cha afya cha kambi. Gitega kuna tawi la kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge.

Ukimaliza kusoma, msomee jirani asiyejua kusoma.